Bi Kijivu na Picha Mbili za Mama

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, watu wanamwita Bi Kijivu. Jina nimempa mimi, na sijutii. Mteja akitaka picha ya nyeusi na nyeupe, yeye humjibu kwamba nyeusi na nyeupe ni ya punda milia, hapa tunachapa kijivu. Kisha hucheka peke yake. Duka ni letu sote: mimi mbele nauza madaftari na kutoa fotokopi, yeye nyuma na printa yake ya wino, ambayo hakuna ruhusa ya kuigusa hata kwa kitambaa. Huwa namwambia kaka yangu alioa mtu, mtu akaolewa na mashine.

Siku hiyo sikuwa na hamu ya utani. Jioni walikuwa wanakuja dada wawili, muuguzi na mdogo wake mshonaji, ambao hawajasemeshana tangu walipomzika mama yao. Waligombea picha yake moja iliyobaki, ndogo, imechakaa pembe. Mjomba wao ndiye aliyeileta kwetu. Picha yenyewe ataitunza yeye, alisema, na kila mmoja apewe nakala kubwa.

"Lakini zifanane kabisa, wanangu. Zikipishana hata kidogo, mmoja atasema amepunjwa, na hawa hawatakaa chumba kimoja tena mpaka siku ya kunizika mimi."

Nilitaka tukatae. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Bi Kijivu akaipokea kwa mikono miwili.

Nakala ya kwanza aliichapa jana yake, ikatoka nzuri kweli. Karatasi zikaisha. Ya pili akaichapa siku ile kwa pakiti mpya, aina ileile. Chini ya taa ya dukani zilikuwa sawa. Alipozipeleka mlangoni kwenye jua, ya pili ilikuwa na ukijani mashavuni, kama mtu aliyeamka na homa.

"Nani ataona?" nikamwambia. "Zote ni mama yao."

"Muuguzi ataona. Anayetafuta kosa halikosi."

"Basi rudia hiyo ya pili tu."

"Nitaifukuzia ya kwanza mpaka kesho, wifi, na sitaikuta. Karatasi siyo moja."

Akazichukua zote mbili, nzuri na mbovu, akazichana.

Nilimwambia maneno ambayo wifi hamwambii wifi mwenzake. Wateja walikuwa njiani, na katriji ya wino wa kijivu ilikuwa inawaka taa ya kuisha. Ya akiba hatukuwa nayo. Yeye akatoa karatasi ya majaribio, ile ya mistari myembamba inayoonyesha kama matundu ya wino yote yako wazi. Mstari mmoja ulikuwa umekatika. Kuyasafisha kunakula wino, kuyaacha kunaleta michirizi usoni. Nikasema acha, Mungu atasaidia. Akasafisha.

Kisha akaizuia printa isitumie wino wa rangi hata tone, maana huo ndio ulioleta ukijani kwenye karatasi mpya. Kazi yote ikabaki kwa mweusi na kijivu, na kijivu chenyewe ndicho hicho kinachoisha. Akapanga karatasi mbili za pakiti ileile, akabonyeza, akarudi nyuma na kukunja mikono.

Ya kwanza ilikuwa imetoka, ya pili imefika kwenye paji la uso, nikasikia mlango. Mjomba mbele, muuguzi nyuma yake, mshonaji wa mwisho. Mshonaji akatoa shikamoo kwangu, kwa wifi yangu, hata kwa mzee aliyekuja kununua kalamu. Kwa dada yake hakutoa, akamruka kana kwamba pale palikuwa na kiti. Taa ya katriji iliwaka, ikazima, ikawaka, na printa ikaendelea kukwaruza taratibu mpaka kola ya gauni, mpaka kifungo cha mwisho.

Ikatoka nzima. Nilishika meza.

"Tupe," alisema muuguzi.

"Bado. Wino haujatulia. Picha mbichi inadanganya."

Benchi tunalo moja. Walikaa huku na huku, katikati mjomba na kofia yake. Nilimwona Bi Kijivu, amewapa mgongo, akizibadilisha zile picha nafasi, huku na kule, kama anayepanga tu meza.

Hatimaye muuguzi akapewa zote mbili. Akazitazama chini ya taa. Akazipeleka mlangoni kwenye jua, akazigeuza, akarudi ndani, akatoka tena. Alitafuta, nasema kweli, alitafuta kwa macho ya kuwinda chawa.

"Ipi imetoka kwanza?" akauliza. "Mimi ndiye mkubwa."

"Sikumbuki," alisema Bi Kijivu. Mwongo mkubwa. "Wino mmoja, karatasi moja, saa moja. Hizo ni za tumbo moja, mama. Hazina mkubwa."

Muuguzi akabaki amesimama na mama yake katika mikono yote miwili. Mshonaji akainuka kwenye benchi, akampita mjomba.

"Shikamoo, dada."

Muuguzi akazitazama picha, akamtazama mdogo wake.

"Marahaba," alisema muuguzi, akampa moja bila kuangalia ni ipi.