Bakuli la Chifu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mbwa akilamba maji. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, hapa hapa Burnsville, theluji imefika kwenye madirisha ya chini, na mimi nimepiga magoti jikoni nikimbembeleza mbwa ambaye si wangu ainuke. Hakuinuka. Aliniangalia tu, akafunga macho.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Umelia hadi nusu ya maneno sikuyapata, na nusu nyingine ni Kiingereza, lakini niliyoyapata yamenitosha. Daktari amesema figo za mbwa wako zimechoka, na wewe umeshakusanya mitishamba ya kila aina uliyoonyeshwa na watu wa kwenye simu. Ngoja kwanza. Weka hizo chupa kando, keti, unisikilize. Utanijibu kwa Kiingereza, najua, wala si neno, mradi unasikia.

Wakati huo sikuwa na mvi. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, kichwa kimejaa nywele na mdomo umejaa maneno. Nilikuwa msaidizi wa nesi kwenye makao ya wazee, na ile sare yangu ya buluu niliivaa hata nikienda dukani, ili watu wajue. Kanisani mtu akikohoa tu, nishamwambia anaumwa nini. Wee! Nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu naona haya.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja, Mama Moraa, mtu wa Kisii kama sisi, aliyeishi Apple Valley, mji wa jirani. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii na kijikoti kama cha kwenda sokoni, akanivalisha koti la mumewe. Mumewe alifariki mwaka mmoja kabla ya haya ninayokusimulia. Aliacha mbwa mkubwa mweusi, mzee, masikio yamelala, ambaye alimwita Chifu kwa sababu mbwa huyo alipenda kukaa mlangoni kukagua wanaoingia. Baada ya mazishi Chifu aliendelea kukaa pale akimngojea, na Mama Moraa akawa anaongea naye Kikisii nyumba nzima, maana watoto walishahamia mbali. Wengine kanisani walisema mama huyu sasa amezidi, mbwa analala ndani kama mtu! Hawakujua kwamba ndiye pekee aliyebaki wa kumwamkia asubuhi.

Figo za Chifu zilikuwa zimeanza kuchoka, kama za huyo wako. Mama Moraa alimlea kwa mpango aliopewa na daktari wa wanyama. Chakula laini cha kliniki ndicho kilichokuwa chakula chake hasa, na siku nyingine, kwa ruhusa ya daktari, wali mweupe na ute wa yai uliochemshwa, nyama kidogo sana, boga, na mafuta ya samaki matone machache. Chumvi hapana, kitunguu hapana, mifupa hapana. Alikuwa anaendelea vizuri. Ndipo dadake Mama Moraa akaugua huko nyumbani, ikabidi asafiri majuma matano akamuuguze. Akaniletea Chifu.

"Nimekuandikia yote," aliniambia, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Lakini hata ukipoteza karatasi, shika hili moja. Bakuli lake la maji lisikauke."

"Mama, usiwe na wasiwasi. Wagonjwa wa figo ndio kazi yangu."

Alimpapasa Chifu masikio. "Nikirudi nimkute, mwanangu," akasema. Akaenda zake uwanja wa ndege.

Majuma mawili ya kwanza tulikuwa marafiki. Nilimpikia, nikamchana manyoya, tukatazama mpira pamoja. Shida ilikuwa maji. Mbwa yule alikuwa anakunywa, mwanangu! Nikijaza bakuli, nikigeuka limeisha. Na anayekunywa hivyo lazima atoke hivyo. Nilimshusha ngazi mara ngapi sijui, kwenye ile baridi inayokung'ata masikio, na bado nikirudi kutoka shifti nakuta kapeti imelowa. Mama Moraa alikuwa ameandika kwamba ningehitaji kutandika vitambaa. Nilisoma, nikapuuza.

Jumamosi ya tatu, zamu ya ushirika wa nyumbani ilikuwa yangu. Unajua sisi na viatu, vyote vikaachwa mlangoni. Shemasi mmoja, mtu nadhifu kupita kiasi, soksi nyeupe pe, akapita na sahani yake ya chapati akakanyaga pale karibu na sofa. Akasimama. Akainua mguu, akautazama, akanitazama na mimi. Alivua soksi, akaendelea na chapati. Akina mama wakaanza kufungua madirisha, eti wanasikia joto, na nje barafu imeganda kwenye vyuma vya ngazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wageni walipoondoka nilibaki na hasira, na hasira yangu ikakutana na ujuaji wangu. Kazini nilikuwa namhudumia mzee mmoja ambaye figo zake zilikufa kabisa, akawa anapelekwa kusafishwa damu kwa mashine. Yule maji tulimpimia kwa kikombe, maana akizidisha alivimba miguu na kukosa pumzi. Nikajiambia, kumbe! Mgonjwa wa figo hapewi maji ovyo, nami najua hilo, na Mama Moraa ni mama wa watu tu, ataelewa wapi mambo ya hospitali? Nikalichukua bakuli nikaliweka juu ya friji. Kuanzia hapo Chifu akapata kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, nami naandika kwenye karatasi na saa yake, kama nilivyofunzwa.

Na kapeti ikakauka. Hicho ndicho kilichonipumbaza. Niliipapasa kwa mkono, kavu, nikajipongeza.

Chifu alianza kunifuata jikoni na kukaa akiitazama friji. Nikasema anadeka. Nikamkuta bafuni analamba bomba, nikafunga mlango wa bafu. Akaacha wali wake, nikasema amechoka na wali. Ijumaa akatapika povu na mdomo ukawa unanuka vibaya. Jumamosi asubuhi ndiyo ile niliyokuambia. Nilimfunua mdomo, na kidole changu kikanata kwenye ufizi mkavu. Nilisikia tu yale maneno ya Mama Moraa, nikirudi nimkute.

Nilimfunga blanketi nikambeba kushuka ngazi, mzito kama gunia la mahindi, nikateleza, nikainuka, nikamweka kwenye gari. Njia nzima nilikuwa naomba kwa sauti kubwa, hata dereva wa gari la pembeni kwenye taa akanigeukia.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimshika Chifu huku na huku, kisha akaniuliza, "Anakunywa maji kiasi gani?"

Hapo uongo ulinijia mdomoni ukiwa umeiva. Ningesema ameacha mwenyewe. Ningesema ni uzee. Nani angejua? Mama Moraa alikuwa ng'ambo, na mbwa hasemi. Nilimtazama Chifu pale mezani.

"Vikombe viwili kwa siku," nikasema. "Nampimia. Mimi ndiye niliyemnyima."

Akaacha kuandika. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinieleza taratibu kwamba figo za yule mzee wangu wa kazini zilikuwa hazitoi mkojo tena, ndiyo maana maji yalibaki mwilini yakamvimbisha. Za Chifu zilikuwa na ugonjwa tofauti: hazikuweza kuyashika maji, yalikuwa yanapita tu. Alikunywa sana kwa sababu alipoteza sana. Mimi nikafunga mahali pa kuingilia na kuacha pa kutokea wazi.

"Ungeniambia ameacha kunywa mwenyewe," akaongeza, "ningeanza kutafuta ugonjwa mwingine. Na huyu hana muda huo."

Wakamtundikia dripu, wakasema abaki. Hawakuniahidi kitu. Nilikaa ndani ya gari pale nje ya kliniki, nikampigia Mama Moraa simu, nikamweleza yote bila kupumua. Nilipomaliza, nilisikia mtu upande wa pili anaosha vyombo.

"Saa hii ako na maji?" akauliza.

"Ako kwa dripu, Mama. Nisamehe, Mama, mimi nilidhani..."

"Hiyo samahani utanipa nikirudi. Akitoka huko, jaza bakuli."

"Ndiyo, Mama."

"Na unisikize vizuri. Nilikuachia Chifu. Sikukuachia yule mzee wako wa kazini. Umeangalia mmoja ukamtibu mwingine."

Akakata simu. Baada ya dakika moja ikalia tena, na ni yeye. "Na wewe umekula?" Basi hapo ndipo nilipolia, mtu mzima, na sare yangu ya buluu.

Siku mbili zile sikuziona zikienda. Jumatatu mchana kliniki wakapiga simu. Vipimo vya damu yake vilikuwa vinarudi pazuri, wakasema, na asubuhi ile Chifu alikuwa ameinuka mwenyewe, akatembea na dripu yake hadi mlangoni, akakaa pale anakagua wanaoingia. Niliomba warudie. Wakarudia. Nilikaa kwenye ngazi za makao ya wazee nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu Jumamosi, na nikaanza kucheka, hadi bibi mmoja mkazi akaniuliza kama nimepata mtoto.

Nilimrudisha nyumbani nikajaza bakuli hadi likamwagika. Akanywa, akanywa, akanywa. Halafu akaenda polepole akakojoa pale pale shemasi alipokanyaga. Haki ya Mungu, sijawahi kufurahia kapeti kulowa namna ile! Nikatandika vitambaa, nikaweka bakuli la pili chumbani, na nikajifunza kushuka ngazi bila kunung'unika. Shemasi alipokuja tena nilimpa ndara.

Mama Moraa aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu na mizigo yake. Chifu alikuwa mlangoni, mkia unagonga ukuta. Mama hakuanza na mimi wala hakuanza na Chifu. Alipita hadi jikoni, akainama, akatumbukiza kidole kwenye bakuli. Kisha akarudi, akaketi sakafuni na koti lake, akamkumbatia yule mbwa shingoni, akakaa hivyo.

"Nimemkuta," akasema.

Samahani yangu hakuwahi kuidai. Chifu aliishi vipupwe viwili vingine, na alipoondoka aliondoka kwa uzee, kichwa mapajani mwa Mama.

Basi, mwanangu, nikuambie ninalotaka ulishike. Huyo wako bado anasimama, bado anakula, na umejua mapema. Hiyo ni nafuu kubwa, pumua. Figo zilizochoka hazirudi ujana, lakini zikipunguziwa mzigo zinaweza kumfikisha mbali. Mpe chakula alichopangiwa, na ukitaka kumpikia wewe mwenyewe, mwambie daktari akupimie, usipime kwa mapenzi. Wageni wakija na nyama choma, wazuie, hata wakikuona mchoyo. Zile chupa za mitishamba zibebe zote umwonyeshe daktari kabla tone moja halijamfika mdomoni. Kilichomsaidia mbwa wa mtu kwenye simu kilimsaidia yule, na huyu si yule. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi ujuaji wangu ulikaribia kumuua Chifu, na neno moja la aibu ndilo lililomwokoa.

Na maji, mwanangu. Kapeti itaoshwa.

Mungu akulinde huko Woodbury, akupe mkono mwepesi na sikio la kusikia. Akupe watu wa kukuuliza kama umekula hata siku uliyowakosea. Mlango wako uwe na wa kukungojea, na kila utakaporudi, umkute. Sasa zima simu, nenda ukatazame bakuli.