Sado ya Mama Mkwe

Ukifika Litembo na Kiswahili cha ofisini, lazima kwanza kipite mdomoni mwa Romanus. Amewatafsiria mapadri wageni, mabwana shamba, wagombea wa vyama vyote, na daktari mmoja wa mifugo aliyepotea njia akitafuta kijiji cha Mapera. Watoto wanamwita Redio. Na kweli ni redio, maana hajawahi kusema "sijui". Neno likimpita, anajazia la kwake na matangazo yanaendelea.

Msimu uliopita, malipo ya kahawa yakiwa yameshaingia, alikuja dada mmoja kutoka Songea, Jacqueline, kufundisha mambo ya fedha kwenye ghala la chama cha ushirika. Mstari wa mbele walikaa mabibi, na katikati yao Kunigunda, mjane, mama mkwe wa Romanus, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Romanus akaweka koti sawa, akakohoa. Mbele ya mkwe mtu hupenda kuonekana.

"Benki Kuu hupima ujazi wa fedha nchini," Jacqueline akaanza. "Yaani noti na sarafu zilizo mikononi mwa watu, pamoja na amana zilizoko benki."

Ujazi! Romanus alijua ujazo: kikombe, sado, debe. Amana hakuijua, akairuka. Akawageukia mabibi na kuwaambia kwa Kimatengo, kwa sauti ya misa ya Pasaka, "Serikali inataka kujua hela ya kila nyumba inajaza chombo gani. Kikombe, sado au debe. Mwenye nayo ailete ipimwe."

Mabibi wakatazamana. Kunigunda hakumtazama mtu. Aliyesema ni mkwewe, mume wa Vitalia wake, msoma masomo kanisani. Akainuka, akatoka kwenda kwake, hapo hapo nyuma ya ghala. Jacqueline akadhani bibi kaenda msalani.

Akarudi na sado ya plastiki, imefungwa kitenge. Akaitua mezani, akafungua. Noti, nyingine zimesokotwa kama tumbaku.

"Haijajaa," akasema kwa Kiswahili chake, kama anayeiomba serikali radhi. "Ya jeneza."

Ghala zima likaangua kicheko. Augustino, mdogo wa marehemu mumewe, akapaza sauti kuliko wote. "Shemeji! Juzi nimekuomba ya mbolea, ukaapa huna hata ya chumvi! Kumbe umefungua tawi la benki!"

Jacqueline akauliza kuna nini, akaelezwa, akashika mdomo. "Hapana, bibi, funika! Funika! Hakuna anayepita majumbani kupima. Benki Kuu inajua imetoa noti kiasi gani. Inaondoa zilizolala kwenye makabati ya mabenki, na zinazobaki ndizo zilizo kwa watu. Hiyo yako ilishahesabiwa zamani, ikiwa huko huko ulikoificha." Akamgeukia Romanus. "Baba, mwambie."

Redio ikakata. Romanus alisimama pale akiviangalia viatu vyake kana kwamba ni vya kuazima. Ilibidi mwenyekiti wa chama amalizie tafsiri. Kunigunda alisikiliza hadi mwisho, akafunga kitenge chake polepole.

Hadi jioni Litembo nzima ilijua kilichomo kwenye sado. Augustino akarudi kuomba ya mbolea, na safari hii akapewa. Bibi angesema hana, nani angemwamini? Vitalia alimwekea mumewe ugali bila kusema neno, na Romanus akatamani bora angetukanwa. Jumapili somo akamwachia mwingine.

Mwisho akajikaza, akaenda kwa mama mkwe na jogoo kwapani, akapiga magoti uani.

"Shikamoo, mama." Kisha akaanza kuomba radhi kwa Kimatengo kizito, kile cha kuposea.

Kunigunda hakuacha kuchambua maharage. "Sema Kiswahili," akamwambia. "Kimatengo chako nimeshakisikia."

Romanus akatafuta Kiswahili chake chote, kile cha mapadri na wagombea. Kikatoka kidogo tu.

"Lile neno sikulijua, mama."

Bibi akanyoosha mkono, akampokea jogoo. Hakumwambia ainuke.