Nukta ya Yeong-ran

Tak Yeong-ran alikuwa na ulimi mkali na vidole vivivu. Mwaka ule wa tisini na nne ndiye aliyetunza kompyuta kubwa ya idara ya hali ya hewa katika chuo kimoja cha Daejeon, na wanafunzi walimwogopa kuliko walivyomwogopa profesa. Kila muhula aliwafokea: ukiandika amri, mashine huitafuta katika folda ulizoipangia, moja baada ya nyingine. Usitangulize nukta katika orodha ya folda hizo, maana nukta huiambia ianze kutafuta hapo hapo uliposimama, hata kama umesimama kwa mwizi. Maneno mazuri! Yeye mwenyewe, mwenye funguo zote, alikuwa ameitanguliza. Ilimpunguzia kuandika.

Asubuhi moja Gi Dong-ju wa mwaka wa pili akaja kulalamika kwamba faili lake halifutiki. Yeong-ran akaingia katika folda ya kijana huyo kwa mamlaka ya mtunzaji, akaandika amri fupi ya kuorodhesha vilivyomo. Orodha ikaja kwa kusitasita. Ndani yake palikuwa na faili lenye jina lile lile la amri aliyotoka kuiandika. Akaorodhesha tena. Faili halikuwapo.

Nukta yake! Mashine ilikuwa imeichukua amri hapo hapo, katika folda ya kijana, akamgeukia.

"Umeweka nini humu, we mtoto?"

"Mimi? Haki ya nani sijui, dada. Nywila yangu nusu ya bweni wanaijua."

Huenda alisema kweli. Ile amri ya bandia ilikwisha fanya kazi kwa mamlaka ya Yeong-ran, kisha ikajifuta. Ilifungua mlango gani? Ilibadilisha nini? Vyombo vyote vya kuchunguzia vilikuwa ndani ya mashine hiyo hiyo, navyo huenda vimekwisha chezewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ilikuwa moja tu: kuzima, kufuta kila kitu, kuanza upya.

Lakini humo humo hesabu za tufani za Pyo Geun-seop, mwanafunzi aliyekuwa akimalizia masomo, zilikuwa zikienda tangu majira ya kuchipua, na zikikatwa hufa. Bila hizo hakuna shahada, na ruhusa yake ya kuahirisha utumishi wa lazima jeshini ilikuwa inaisha.

Akamkuta kwenye mashine ya kahawa, akamweleza yote.

"Dada, acha utani. Zimebaki siku mbili!"

"Sitanii, mdogo wangu."

"Basi ziache ziishe, ndipo uzime."

"Zikiisha utajuaje kama ni zako? Utaapa mbele ya profesa kwa namba zilizoshikwa na mkono usioujua?"

Geun-seop akaweka kikombe chini. "Nani aliweka hiyo nukta?"

Yeong-ran alitamani sana kumtaja Dong-ju.

"Mimi."

Geun-seop hakumtukana. Aibu ilimchoma Yeong-ran, afadhali angemtukana. Wakaingia pamoja katika chumba cha kompyuta. Yeong-ran akaweka vidole kwenye kibodi, kisha akaviondoa, kwa sababu hata amri ya kuzima hakuweza tena kuiamini. Akapiga magoti nyuma ya mashine, akashika waya wa umeme.

"Ngoja kidogo, dada," Geun-seop akasema. "Bado zinaenda."

Akangoja. Namba zilipanda kwenye kioo, safi kabisa, na hakuna kati yao aliyeweza kuzisadiki. Kisha akavuta.