Mtoto wa Kinyozi Alipochelewa Kusema

Binti yetu wa kwanza alifikisha miaka miwili na nusu bila kutamka neno. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa kinyozi hapa Bujumbura, kwenye kibanda cha mabati chenye kiti kimoja. Nilisifika kwa mdomo kuliko kwa mkono. Watu walishuka hata kutoka mtaa wa Gihosha, kule mlimani, kuja kunisikiliza. Majirani wakafanya utani uliouma, kwamba baba amemaliza maneno yote, mtoto hakubakiziwa. Wengine walimwita bubu mbele yake.

Mama yangu alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kututembelea. Alimtazama mjukuu wake siku mbili, ya tatu akaniambia kwamba ulimi umefungwa kwa chini, lazima ukatwe.

"Uko na wembe, uko na mukono," alisema. "Unangoja nani?"

Naona haya kulisema, lakini nilichemsha wembe. Mke wangu alitoka kwenda uani, hakutaka kuona. Nilimpakata mtoto nikamwambia afungue kinywa, naye akakifungua mara moja, kikubwa, akinitazama bila shaka yoyote. Nikaingiza kidole. Ulimi ulipanda wenyewe hadi juu, mwepesi, ukanilamba. Hapakuwa na kilichofungwa.

"Apana, mama," nilisema. "Mi sikati."

Kesho yake alipanda gari la Uvira bila kunywa chai.

Mke wangu ndiye aliyeona jambo lililonipita. Mtoto aliambiwa afungue, akafungua. Basi anasikia na kuelewa. Tukampeleka zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima, aligonga beseni kwa kijiko nyuma ya mtoto, naye akageuka. Kisha muuguzi akatusikiliza, hasa mimi, kwa muda mrefu, mwishowe akauliza mtoto huyu hupata nafasi wapi ya kuingiza neno lake. Akatufundisha kuinama mpaka macho yakutane, kutaja kitu kimoja tulichoshika, kisha kunyamaza na kungoja. Nilimwuliza ningoje mpaka lini.

"Mpaka uchoke," alijibu. "Halafu ungoje tena."

Nikaanza kwenda na mtoto kazini. Kitana. Poda. Taulo. Nilitaja, nikanyamaza. Kunyoa vichwa kumi kutwa hakujawahi kunichosha kama ule ukimya. Wateja walidhani nimefiwa. Nilipowaeleza wakaanza kungoja pamoja nami, wanaume wazima wamekaa kwenye benchi wakimtazama mtoto mdomoni. Miezi ikapita. Alinyoosha mkono tu, na mimi nilimpa, kwa sababu muuguzi alitukataza kumnyima kitu ili aseme.

Asubuhi moja nilikuwa namnyoa ndevu karani mmoja aliyekuwa akiwahi kazini. Mtoto akanyoosha mkono kwenye chupa ya maji. Niliinama nayo, nikasema, "Mayi," nikangoja. Karani alikuwa na sabuni nusu ya kidevu, saa yake mkononi, na hakuitazama.

"Ma," alisema binti yangu. Akameza mate. "Mayi."

Nilimmiminia kiganjani mpaka sakafu ikalowa. Karani alifika kazini amechelewa, na jioni alirudi kuniuliza kama mtoto amesema neno jingine. Alikuwa amesema: poda.

Mvua zilipoanza alikuwa akiunganisha maneno mawili, matatu. Ndipo mama akarudi, safari hii na kapu la ndagala wakavu, dagaa wa ziwani. Hakusema habari ya ulimi. Mtoto akachungulia kapuni.

"Koko, leta ndagala," alimwambia bibi yake.

Mama alikaa chini palepale mlangoni. Kisha akainuka, akambeba mgongoni na kuzunguka naye nyumba kwa nyumba, kwa wote waliomwita bubu, na kila mlango mtoto akaombwa aseme tena. Nilifuata nyuma nikiwa nimebeba kapu. Mtoto aliagiza ndagala kwenye nyumba sita. Kwenye ya saba alikuwa amechoka. Akaficha uso shingoni mwa bibi yake.

"Apana," alisema. "Mi sitaki."

Mama akanigeukia mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Hilo ndilo alilolirudia njia nzima tukirudi.