Nyumba ya Magurudumu Isiyo na Jikoni

Mume wangu alijenga nyumba juu ya lori kabla hajanijengea jikoni. Nikikumbuka habari hiyo, damu hupanda kwanza, kicheko hufuata baadaye. Nitaisimulia kwa mpangilio huo huo.

Yeye ni fundi wa bodi za malori pale Sotik. Lori la kubeba majani ya chai likija limevunjika mbavu, yeye ndiye hulivalisha mbao na vyuma upya. Mwaka niliojifungua mtoto wetu wa kwanza, alipata lori la zamani, lile la pua ya mviringo na taa zilizotokeza kama macho ya chura. Lilikuwa limekufa nyuma ya zizi la mtu tangu sisi tukiwa wadogo, kuku wakitagia ndani. Alilivuta hadi nyumbani kwa trekta, akaniambia atalifanya nyumba ya kutembea, ya mtindo wa kale, mtu alale ndani popote atakapofika.

"Kwani wewe unaenda wapi?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshaingia chini ya lori.

Sikulikasirikia lori. Nilikasirikia mbao. Baba yangu alikuwa ameangusha miti yake ya saiprasi, akaipasua mbao, akaziacha zikauke vizuri, kisha akanipa nijengewe jikoni. Kwetu mke akiolewa hupika kwa mama mkwe kwa muda, na hakuna ubaya. Lakini ukishapata mtoto unataka moto wako. Bila moto wako wewe ni mgeni wa kudumu. Sufuria si yako, kuni unatafuta wewe lakini si zako, na maziwa ya mtoto yatachemka ikiwa mafiga yana nafasi. Mama mkwe wangu, ambaye tangu mtoto azaliwe sote tulimwita kogo, yaani nyanya, si mtu mbaya. Ila jikoni ilikuwa yake, na alinikumbusha kila siku kwa kuhamisha mkebe wa chumvi kutoka mahali nilipouweka.

Mashimo ya nguzo zangu yalikuwa yameshachimbwa. Yakajaa maji ya mvua huku mbao zangu zikipanda lori moja moja.

Nisiseme uongo, kitu kilikuwa kizuri. Alizilainisha zile mbao kwa mvuke wa pipa la maji moto mpaka zikakubali kupinda, lori likawa na tumbo la mviringo kama mkate. Madirisha aliyatoa kwenye behewa bovu la reli huko Kipkelion, yale ya kupandishwa kwa mkanda wa ngozi. Ndani akaweka kitanda cha kukunja, kabati yenye kioo, benchi, pazia, hata msumari wa shaba wa kutundika kofia. Hana kofia.

Injini ilipokubali kuwaka, siku moja alilipeleka Kericho kutafuta rangi, na mtu mmoja anayependa magari ya zamani akaliona barabarani. Jumamosi iliyofuata walikuja wenzake wote, na magari yao ya enzi za babu, wakayapanga kando ya majani chai yetu. Majirani waliacha kuchuma.

Wapenzi wa magari ni watu wa ajabu. Hawasalimu. Mmoja alinipita hapo na mtoto mgongoni kama kwamba nimepandwa, akaenda kulaza shavu lake kwenye bodi. Mzungu mmoja aliyevaa suruali nyeupe alilala kwenye nyasi yenye umande apate kuona springi. Wawili walibishana kuhusu taa mpaka wakanuniana. Mama mmoja wa mjini, yeye pia na suruali, alipandisha na kushusha lile dirisha la reli, akalipandisha tena, akicheka peke yake.

"Fundi, wewe si mtu wa huku," bwana mmoja wa Nakuru alimwambia mume wangu.

"Mimi ni wa huku huku."

Kogo aliwaletea mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwenye kibuyu, akasimama karibu yangu akiwatazama. "Hata ng'ombe ya maonyesho haiangaliwi hivi," akasema.

Mkubwa wao alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kofia ya bapa. Aliingia ndani, akafungua kila kilichofunguka, akakawia. Alipotoka uso wake ulikuwa na swali.

"Fundi, kitanda nimeona. Kabati nimeona. Mahali ya kofia nimeona. Jikoni iko wapi?"

Mume wangu hakusita. Alinyoosha mkono kwenye jikoni ya kogo, moshi ukitoka kwenye nyasi za paa. "Jikoni ni ile pale."

"Ile ni ya mama yako."

"Ndiyo. Jikoni haikai ndani ya nyumba ya kulala, mzee. Jikoni ni nje."

Na hakuwa anatania. Kwetu ndivyo ilivyo, nyumba ni nyumba na jikoni ni jikoni, kila moja na paa lake. Alikuwa amejenga nyumba kamili, na haikumpitia akilini kwamba kuna kilichokosekana.

"Sasa ukifika Kisumu," mzee akauliza polepole, "chai utapika wapi?"

Mume wangu akautazama ule moshi. Niliona njia yote ya Kisumu ikipita usoni mwake.

"Atavuta ya mama yake na kamba," yule mama wa suruali akasema. Walicheka mpaka bwana wa Nakuru akamwaga maziwa.

Mimi sikucheka. "Mnataka kuona jikoni? Kujeni niwaonyeshe."

Niliwapeleka kwenye mashimo yangu. Wakayazunguka, mikono nyuma, vile vile walivyolizunguka lori.

"Jikoni ni hii," nikasema. "Mbao zake ziko kule, zimepakwa vanishi."

Mzee akavua kofia, akainama juu ya shimo lenye maji. "Mama, hii ni modeli gani?"

"Ya mwaka huu. Lakini bado haijafungwa injini."

Walicheka tena, wote isipokuwa mwenye lori. Kabla ya kuondoka walimwalika kwenye mkutano wao wa magari Kericho.

Jioni akaniambia, "Nitatoa kabati, niweke stovu kwa kona."

"Kabati utatoa. Na benchi. Lakini zinashuka kwenye mashimo yangu."

"Wataniuliza tena jikoni."

"Waambie iko nje. Si ndivyo ulisema?"

Alitoa kabati, benchi, na mbao zote za ukuta wa ndani. Zilikuwa zimeshazoea tumbo la lori, zikakataa kunyooka. Kwa hiyo jikoni yangu ilitoka na pembe za mviringo, na paa limechomoza mbele kama pua, na dirisha moja la reli lenye mkanda wake. Kogo aliizunguka akauliza usukani uko upande gani.

Wale watu wa magari waliporudi kumchukua kwenda mkutanoni, walichungulia lori lililobaki mifupa ndani, wakaguna. Kisha mmoja mmoja wakahamia jikoni kwangu. Shavu likalazwa ukutani. Dirisha likapanda, likashuka. Mzee alitaka kupiga picha, akaniomba nitoke mlangoni. Nilikataa. Picha ninayo, nimeshika mwiko, ninafanana na askari. Kericho tulikwenda, na nilipika chai nje chini ya turubai, nikawapa wote.

Asubuhi moja ya mvua moto wa kogo ulizimika. Alikuja na kigae, akabisha hodi mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mama mtoto, nisaidie makaa."

Nilimchagulia yaliyoiva vizuri. Alikaa kwenye kigoda akingoja, akitazama kuta zinazong'aa, akamfunika mjukuu miguu. Kisha akanyoosha mkono, akausogeza mkebe wangu wa chumvi.

Nikaurudisha mahali pake.