Profesa Amerudi na Mluzi

Mama Louise, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, amemzoea jirani yake Profesa, aliyefundisha fizikia Bukavu kabla ya kukimbia: chaki vidoleni, miwani ya kufutwa kwa pindo la shati, na akieleza kiini cha atomi mikono inajikunja taratibu kama imeshika yai. Jumamosi huenda Lilongwe kutafuta intaneti, akarudi kimya. Leo amerudi akipiga mluzi. Hapa kambini furaha ya namna hiyo ni ya mtu aliyepata safari ya ng'ambo, basi Mama Louise akaacha cherehani, akapiga vigelegele.

“Profesa, bamekuita! Unaenda Canada!”

“Hapana, Mama. Bantu ba Japon balisoma kazi yangu ya utafiti ya Bukavu, ile ya neutroni, baliitaja mu kazi yabo. Mi niko hapa tu. Kazi njo imeenda.”

Mama Louise alifikiri kidogo, kisha akapiga vigelegele upya, vikali kuliko vya kwanza.