Mama Spana na Wimbo wa Bomba Kavu

Siku ya kwanza nilipomwona Mama Spana, niliona miguu tu. Sehemu nyingine yote ilikuwa chini ya sinki la karakana yangu ya makochi. Mwenye nyumba alikuwa amemwita atengeneze bomba, na mimi, kwa aibu zangu, nilisimama nimekumbatia godoro nikisubiri atoke nimsalimu.

"Wewe unayehema huko, hebu nyamaza kidogo," miguu ikasema.

Nikanyamaza. Kazi hiyo naiweza.

Akafungua bomba, akatega sikio. Likatoa upepo, fuuu, kama mzee anayepanda ngazi.

"Bomba zima, kaka. Maji ndiyo hayapo."

Ndivyo alivyofanya kila nyumba: watu wote wanyamaze kwanza, kisha anafungua, anasikiliza. Na mtaani kwetu jibu lilikuwa lile lile.

Baadaye nikajua kwamba jioni huimba roki. Bendi yao ilipanga chumba kinachopakana na karakana yangu: yeye kwenye maikrofoni, mdogo wake kwenye gitaa, na muuza nyama wa kona kwenye ngoma, akizipiga kana kwamba zimemkosea. Ukuta ukitikisika, misumari ninayoibana mdomoni nikigongelea vitambaa ilinidondoka. Nikaenda kulalamika, nilipofika mlangoni nikajikuta nawapa sponji wabandike ukutani.

Walikuwa wanagombana. Wimbo wao mpya ulimwita diwani aje afungue bomba yeye mwenyewe, asikie tunachosikia sisi. Katikati, mdogo mtu alitaka gitaa lilie peke yake.

"Lilie nini, limefiwa?" Mama Spana akamuuliza. "Hapo tunanyamaza wote. Bomba ndilo linaimba."

"Dada, watu watadhani umeme umekatika!"

"Na nani atashika hilo bomba?" muuza nyama akauliza. "Mimi mikono imejaa."

Wote wakanigeukia.

"Huyu hapa," akasema Mama Spana. "Tangu nimjue hajamaliza sentensi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye bendi ya roki, mtu mzima na kitambi changu. Alifunga bomba kuukuu kwenye tyubu ya gari iliyojaa upepo. Wenzangu wakinyamaza, nalisogeza kwenye maikrofoni, nafungua. Fuuu. Watu walikuwa wakipiga vigelegele.

Wimbo ukavuma mpaka ukamfikia diwani, naye akaupenda. Ulimwita Mheshimiwa kila mstari, na nadhani hakusikiliza zaidi ya hapo. Akatuma mtu: tuuimbe siku ya kuzindua bomba la mtaa, uwe wimbo wake wa kampeni.

Mama Spana akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, spana mapajani.

"Tukiimba na maji yakatoka, nitakuwa nimemsifia," alisema. "Watu watasema tulikuwa tunambembeleza."

"Basi tusiende, dada."

"Tusipoenda ataupiga kwenye spika zake, na pale pa kimya atapaondoa. Tunaenda."

Asubuhi ya uzinduzi boza la maji lilikuja kujaza tangi la bomba hilo jipya, sote tukiliona. Tukaimba. Tulipofika kwenye kimya, diwani mwenyewe akafungua bomba jipya, mimi nimelishikia maikrofoni. Maji yakatoka. Mama Spana akafumba macho.

"Ndoo!" mtu akapiga kelele.

Uwanja mzima ukatimka. Hata muuza nyama aliruka ngoma zake, akarudi na karai la utumbo. Diwani alibaki na hotuba mkononi, madumu yakimsukuma.

"Wananchi, subirini nimalize!"

"Mheshimiwa, sogea, unaziba!" bibi mmoja akamjibu.

Foleni haijafika hata katikati, maji ya tangi yakaisha. Maikrofoni nilikuwa bado nimeishika pale pale, maana hakuna aliyeniambia niiondoe. Fuuuu, kwenye spika zote. Watu wakanyamaza. Kisha, bila gitaa wala ngoma, wakaanzisha kiitikio wenyewe, ndoo kichwani, wakimtazama diwani anavyozungusha bomba huku na huku. Mama Spana hakuimba. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki ile ile bendi ikafukuzwa chumbani. Kumbe mwenye nyumba ni shemeji wa diwani. Mama Spana akaamua kuhamia kwa binti yake, mji mwingine. Alipita karakana kuniaga, akaniwekea mkononi lile bomba letu kuukuu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na misumari mdomoni. Nikabaki nalikaza tu, kwa nguvu zangu zote.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Usilikaze hivyo, kaka. Siku maji yakija je?"